Walipigana au alipigwa? Sarufi katika darasa la tiba ya familia

MUHULA uliopita, mwenzangu anayefundisha saikolojia katika chuo kikuu kimoja humu nchini alinijia ofisini na ombi ambalo sikulitarajia. Wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza katika kozi ya ushauri nasaha walikuwa wanaanza somo la tiba ya familia. Vitabu wanavyosoma ni vya Kiingereza, mihadhara ni ya Kiingereza na mtihani vilevile. Lakini familia watakazozihudumia kesho, kule Githurai, Bungoma au Likoni, hazitakuja kwao na Kiingereza cha vitabuni.

“Mwalimu, wakianza kuigiza vikao kwa Kiswahili wanakwama,” aliniambia. “Njoo ututafsirie maswali tu.”

Nilikwenda nikidhani ni kazi ya saa mbili. Nikakaa nao muhula mzima. Hoja yangu leo ni kwamba lililokuwa likiwakwamisha vijana wale halikuwa tafsiri. Walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu utotoni bila kusikia kile ambacho viambishi vyake huwa vinasema kuhusu nani kamfanya nani nini. Na katika kazi wanayoisomea, kutosikia huko kunaweza kumuumiza mtu.

Kwanza nieleze tiba yenyewe, maana hata mimi nilihitaji kuelezwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili amekataa kwenda shule. Mshauri wa kawaida atamwita mtoto, wakae wawili, wazungumze. Mshauri wa familia atamwita mtoto pamoja na mama, baba, dada na nyanya anayeishi nao, kisha atauliza mambo yanayoonekana kama yako nje ya mada: Siku mtoto anapobaki nyumbani, nani hubaki naye? Nani huacha kugombana na nani? Anachokitafuta ni mwenendo unaozunguka baina yao, ambao pengine kukataa shule ni sehemu yake tu.

Wazo hili lilishika kasi Marekani katika miaka ya 1950. Mmoja wa waliolianzisha hakuwa hata daktari. Gregory Bateson alikuwa mwanaanthropolojia, na makala aliyoichapisha na wenzake mwaka 1956 ilihusu ujumbe unaojipinga wenyewe ndani ya familia. Katika mwongo huohuo, Murray Bowen alikuwa akilaza hospitalini familia nzima badala ya mgonjwa mmoja. Baadaye akaja Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, ambaye kitabu chake cha mwaka 1974 bado kinasomwa na kila anayeanza somo hili, na kundi la madaktari wanne wa Milan, Italia, waliofahamika kwa namna yao ya kuuliza maswali. Hao wa Milan tutawarudia.

Kinachomsumbua mwanafunzi mgeni ni kwamba yeye anamtafuta mkosaji. Siku ya kwanza ya maigizo, kijana mmoja mchangamfu alimkazia macho msichana aliyeigiza mama na kumuuliza: “Mbona mtoto wako haendi shule?” Msichana yule alinyamaza, akakunja mikono. Mwenzangu akasimamisha igizo na kunitazama mimi.

Nikawaeleza kuwa “mbona” si pacha wa “kwa nini.” Anayeuliza “kwa nini” huenda anataka sababu. Anayeuliza “mbona” ameshashangaa, na mara nyingi ameshalaumu. “Mbona umechelewa?” si swali la mtu asiyejua saa. Lakini hata “kwa nini,” ikiulizwa na kijana wa miaka ishirini mbele ya mama wa watoto wanne, ina harufu ya kituo cha polisi. Tukajaribu kuuliza bila maneno hayo mawili. Kijana akafikiri, kisha akasema: “Siku asipoenda, asubuhi huwaje hapo nyumbani?” Mikono ikakunjuka, na “mama” akaanza kusimulia.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba Kiswahili kina vifaa ambavyo watu wa Milan walilazimika kuvichonga kwa taabu. Katika makala yao ya mwaka 1980 walipendekeza maswali ya kimzunguko: usimuulize mtu juu ya nafsi yake, muulize wa tatu juu ya kinachopita kati ya wawili. Sasa tazama: “Baba akinyamaza, mama hufanya nini?” Kiambishi “-ki-” kinaweka sharti, “hu-” kinaleta mazoea, na nusu ya kazi imekwisha. Hatuulizi juu ya jana wala juu ya nani alianza. Tunauliza juu ya desturi ya nyumba ile. Na jibu likirudi, linageuzwa: “Na mama akifanya hivyo, baba hufanyaje?”

Niongeze kitu ambacho wanaisimu wenzangu watanikemea kwacho. Familia nyingi hazitajibu kwa “hu-”. Zitajibu: “Ananyamazanga tu, halafu anatokanga nje.” Mimi mwenyewe nimezipiga mstari mwekundu “-nga” hizo kwenye insha kwa miaka mingi. Lakini katika chumba cha ushauri, “-nga” hiyo ni habari: mteja anakuambia kwamba hili si tukio, ni mazoea. Atakayeisahihisha amepata sarufi na kupoteza kikao.

Juma la tatu tulifika kwenye genogramu, mchoro wa ukoo ambao wanafunzi hawa huanza nao. Wanaume ni miraba, wanawake ni miduara, ndoa ni mstari wa kulala, watoto wananing’inia chini yake. Kitabu cha Monica McGoldrick na Randy Gerson cha mwaka 1985 ndicho kilichozieneza sana alama hizi. Ukitazama haraka utadhani ni hesabu.

Kijana aliyeigiza mtoto akasema: “Naishi na bibi ya baba.” Darasa likachora. Msichana mmoja, ambaye shule ya msingi alisomea Tanga, alichora duara juu kabisa, kizazi cha mababu. Jirani yake, mzaliwa wa Kakamega, alilichora ubavuni mwa baba.

“Si ni nyanyake?” akauliza wa Tanga.

“Zii! Huyo ni mama wa kambo.”

Wote wawili walikuwa na haki. Tanzania, bibi ni mama mzaa mama au mzaa baba. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara Kenya, bibi ni mke, na nyanya ndiye mzazi wa mzazi. Lakini baada ya kuliweka sawa hilo, palibaki jambo ambalo mchoro usingeweza kulionyesha. Mtoto alikuwa na maneno mengine. Angeweza kusema “mama,” au “mama mdogo,” au hata “mama wa kambo,” ambalo nalo lina “mama” ndani yake. Alichagua “bibi ya baba”: huyu ni wa baba, si wangu. Tulikaa na neno hilo moja karibu saa nzima, na nadhani ilikuwa saa nzuri kuliko zote za muhula ule.

“Mama mdogo” lenyewe ni mtego mwingine. Linaweza kuwa la mdogo wake mama, na katika nyumba nyingi ni la mke wa pili wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za wake wengi, za kimila na za Kiislamu, kwa hivyo mwanafunzi asije akadhani hizo ni habari za zamani. Amuulize mtoto: huyo mama mdogo umempata upande gani? Na akiambiwa kuna “anko,” asichore mraba kabla ya kujua kama ni mjomba, ami, au jirani anayekuja na mkate kila Ijumaa. Kuhusu majina ya watu wazima sina mengi. Ila nitasema kwamba mama anayeitwa kwa jina la kifungua mimba wake hubaki na jina hilo hata mtoto akifariki, na mwanafunzi anayejaza fomu bila kuuliza “huyo mtoto yuko wapi sasa?” anaweza kulitamka jina la marehemu mara ishirini katika kikao kimoja bila kujua.

Nakuja sasa kwenye kilichonifanya niandike makala hii.

Nilikuwa nimewafundisha vijana kauli ya kutendana kwa furaha kubwa. Niliwaambia kwamba nadharia wanayohangaika nayo kwenye vitabu, ya kwamba ndani ya familia kila mmoja ni chanzo na matokeo ya mwenzake, Kiswahili kimeifunga ndani ya silabi moja. Mke hamkasirishi mume tu, wanakasirishana. Ndugu wanachokozana, wazazi wananyamaziana, watoto wanafichiana siri. Mteja akisema “mimi na yeye hatuongeleshani,” tayari amekuchorea mduara. Niliwaonyesha pia kwamba kauli hii inaruhusu mmoja atangulizwe. Mtoto mmoja atakuambia “baba hugombana na mama,” na nduguye atasema “mama hugombana na baba.” Ugomvi ni uleule. Aliyewekwa mwanzo wa sentensi, mara nyingi, ndiye ambaye mtoto anamwona kuwa mwenye kuuanzisha.

Vijana walifurahi. Wakaanza kutafuta “-ana” kila mahali, na kila waliposikia mtu analalamika, waliigeuza sentensi yake. “Ananidharau” ikawa “mnadharauliana.” “Ananinyima pesa” ikawa “mnanyimana.” Nami nilikuwa nikitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha likaja igizo la mume na mke. Aliyeigiza mume alisema: “Tuligombana kidogo, tukapigana, yakaisha.” Mshauri wetu mwanafunzi akaandika “wanapigana” na kuendelea kama tulivyomfundisha. Mama akisema hivi, baba hufanya nini? Baba akifanya hivyo, mama hufanya nini? Kimzunguko kabisa. Aliyeigiza mke alikuwa mmoja wa wanafunzi wenye umri, mwanamke aliyerudi masomoni baada ya kufanya kazi miaka mingi. Alijibu swali la kwanza na la pili. La tatu hakulijibu. Igizo lilipokwisha, akaniambia kwa sauti ya kawaida:

“Mwalimu, mimi sikupigana. Nilipigwa.”

Sikujua alikuwa anasema kama mhusika au kama yeye mwenyewe, na halikuwa jambo la kuuliza mbele ya darasa. Mwenzangu alimfuata baadaye, wakazungumza wawili. Lakini nilijua kosa ni langu kabla ya kuwa la kijana aliyeuliza. Nilikuwa nimewapa kiambishi na nikasahau kuwaambia kinaficha nini. “Walipigana” inawapa watu wawili mikono yenye nguvu sawa. Ikiwa mmoja alirusha ngumi na mwingine akajikinga uso, sentensi hiyo ni ya uongo, hata kama kisarufi haina dosari.

Mwenzangu hakushangaa. Alinieleza kwamba taaluma yake ilishapita njia hiyo. Mwaka 1978 Rachel Hare-Mustin, na mwaka 1985 Virginia Goldner, waliwakosoa waasisi wa tiba hii kwa kuzungumzia familia kama mfumo ambao sehemu zake zote ni sawa, ilhali ndani ya nyumba kuna mwenye mamlaka na asiye nayo. Mduara ukichorwa vibaya humgawia aliyepigwa nusu ya lawama. Ndiyo maana walimu wengi leo huwaambia wanafunzi wao kwamba penye dalili ya kipigo, mume na mke wasikilizwe kila mmoja peke yake kwanza, na usalama utangulie maswali ya kimzunguko. Kenya nayo, tangu mwaka 2015, ina sheria mahususi ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mshauri anayeandika “walipigana” kwenye faili yake aelewe kwamba huenda siku moja sentensi hiyo ikahitajika mahali pengine.

Basi tukarudi nyuma. Juma lililofuata nilileta kauli zote nne ubaoni. “Alimpiga” inataja mtenda na mtendwa. “Alipigwa” inamweka mtendwa mbele, na mtenda anaweza kuachwa nje, kwa hivyo uliza: na nani? “Walipigana” inawalinganisha, kwa hivyo uliza: ilianzaje, nani aliumia, nani humwogopa nani? Ya nne ndiyo niliyoiogopa zaidi, kauli ya kutendeka. “Mkono ulivunjika.” “Sahani zilivunjika.” “Mambo yaliharibika.” Hapo hakuna mtu kabisa. Vitu vimejivunja. Mwanamke yule mwenye umri alicheka aliposikia mfano wa sahani, kisha akawaeleza vijana jinsi ya kuuliza bila kumtisha mtu: “Sahani zikivunjika kwenu, huwa ziko mikononi mwa nani?” Tangu siku hiyo sikuhitajika sana kwenye kipindi hicho. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Wasomaji wa safu hii watakumbuka mjadala wetu mkongwe wa “kuoa,” “kuolewa” na “kuoana.” Wapo wanaosisitiza kwamba mwanamke haoi, na wapo wanaopendelea “wameoana” ili pasiwe na mtenda na mtendwa. Sitaufufua hapa. Nitataja tu kwamba “waliachana” ina hila ileile. Darasani nilisikia mtoto wa kuigiza akiulizwa “wazazi wako waliachana lini?” akajibu: “Hawakuachana. Baba alienda.”

Nilichowafundisha kuhusu ngeli kilikuwa kifupi, na hakikuleta kizaazaa. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walichapisha mwaka 1990 kitabu kinachopendekeza kwamba tatizo litengwe na mtu, lizungumzwe kama kitu kinachokuja na kuondoka. Kiswahili kinalifanya hilo kwa kubadilisha herufi moja: mkaidi, ukaidi, mlevi, ulevi, mvivu, uvivu. “Mtoto huyu ni mkaidi” inamfungia mtoto ndani ya ngeli ya watu na kutupa ufunguo. “Ukaidi huingia hapa nyumbani saa ngapi?” inamwacha mtoto akae upande mmoja na wazazi wake, wote wakiutazama ukaidi. Vijana walilipenda. Mwanamke yule tu ndiye aliyenyanyua mkono kuuliza kama mume naye atasema “ni ulevi uliompiga mke wangu.” Atasema, ndiyo. Kwa hivyo “u-” nayo ina mahali pake.

Kikao cha mwisho nilichohudhuria kilikuwa cha viti. Minuchin alikuwa na desturi ya kuwahamisha watu viti wakati wa kikao, mama akae karibu na baba, mtoto atoke katikati yao, ili familia ionje mpangilio mwingine. Mwanafunzi aliyekuwa mshauri akamwambia “baba,” kijana kutoka Magharibi, ahamie kando ya “mama mkwe” wake wazungumze ana kwa ana.

“Siwezi,” akasema kijana.

Darasa likaangua kicheko, kwa sababu mama mkwe mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye rasta.

“Hata kwa kuigiza, Daktari, siwezi.”

Mwenzangu, kwa mazoea ya kitabu, aliandika “ukinzani” ubaoni. Mimi nilinong’ona kwamba huenda ni heshima. Katika jamii kadhaa za Magharibi mwa nchi, mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani hivyo, wala hawatazamani usoni. Anayemlazimisha kuhama kiti hamfungui, anamvunjia adabu mbele ya watoto wake. Kijana mwenyewe ndiye aliyetafuta njia. Alimgeukia aliyeigiza mwanawe, akasema: “Mwambie nyanya yako kwamba nimesikia alichosema juu ya karo.” Nyanya naye akajibu kwa mtoto: “Mwambie baba yako nimefurahi.”

Mwenzangu alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa na msingi. Bowen aliwaonya wanafunzi wake dhidi ya pembetatu, pale wawili wasioweza kusemezana wanapomtumia wa tatu kubeba mzigo wao, na mara nyingi wa tatu huyo ni mtoto. Je, hii ilikuwa pembetatu au adabu? Tulibishana hadi kantini, chai ikapoa. Sikumshinda na hakunishinda. Anayejua tofauti hiyo ni familia yenyewe, na ndivyo tulivyokubaliana mwishowe: waulizwe wao, mapema, kabla ya mtu kugusa kiti. Muhula huu amenitumia karatasi mpya ya maswali wanayopewa wanafunzi wanaoanza. Swali la kwanza limeandikwa kwa Kiswahili: “Kwenu, nani huzungumza na nani moja kwa moja, na nani hupitia kwa nani?”